Masomo ya Kiingereza: Neno "Charge" na Mizigo Yake

Wako watu wengi wadhaniao kwamba maneno magumu ya Kiingereza ni yale marefu. Sisi tuliofanya kazi ya ukarani na ukalimani twajua kwamba sivyo. Neno refu humwonya mtu. Akiliona, hufungua kamusi au humwuliza mwalimu. Bali neno fupi, lijulikanalo hata na mtoto wa shule, huingia ndani bila ya kubisha hodi, na madhara yake huonekana baadaye. Leo twataka kusema habari za neno moja la namna hiyo, nalo ni "charge".

Siku moja tulikuwapo mahakamani, akasimamishwa mzee mmoja aliyeshitakiwa kwamba ng'ombe wake wameharibu mazao ya jirani. Mzee huyo alipata kuwa mpishi ujanani mwake, akajifunza Kiingereza cha jikoni na cha sokoni, na kwa fahari ya elimu hiyo alikataa kupewa mkalimani. Alipoulizwa kama aikubali "charge", alijibu mara moja, "Yes, sir." Kisha akatia mkono mfukoni, akauliza kwa Kiswahili, "Ni shilingi ngapi?"

Watu wakacheka, lakini hakimu hakucheka. Alifahamu ya kuwa mzee alilizoea neno hilo dukani, ambako maana yake ni malipo, naye alidhani aulizwa kama yu tayari kulipa gharama za siku ile. Kumbe alikuwa akikiri kosa! Hakimu akaamuru asomewe shitaka tena kwa lugha aijuayo. Mzee aliposikia, alishika kichwa, akasema, "La, Bwana, ng'ombe wale si wangu." Kesi ikasikilizwa tangu mwanzo hata mwisho, naye akaachiliwa. Kama asingaliuliza bei, angalihukumiwa kwa neno moja la herufi sita.

Kwa sababu hiyo twaona inafaa machifu, waalimu na wasomaji wetu wote walijue neno hili na jamaa yake.

SHINA LA NENO

Asili yake ni neno la Kilatini "carrus", maana yake gari la magurudumu la kuchukulia mizigo. Kutoka hapo likazaliwa tendo la kupakia mzigo garini, na Wafaransa wakalirithi. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya Kifaransa ikawa lugha ya wakubwa wa nchi ile, na katika karne zilizofuata maneno mengi ya Kifaransa, na hili likiwa mojawapo, yaliingia katika Kiingereza. Ndugu zake ni "car", "carry" na "cargo". Lakini msomaji asidhani kwamba "gari" letu ni ndugu yao pia, kwa kuwa sauti zao zakaribiana. Neno letu lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, nalo lina ukoo wake. Kufanana kwa sura si udugu.

Basi, ashikaye jambo moja ameshika ufunguo wa somo lote: kila maana ya "charge" ina mzigo ndani yake. Ukilikuta neno hili usiulize kwanza, "Maana yake nini?" Uliza, "Ni mzigo gani, na ametwikwa nani?"

1. MZIGO WA KAZI

Maana ya kwanza ni dhima, yaani mzigo wa kazi au ulinzi aliokabidhiwa mtu. "To be in charge of" ni kuwa msimamizi wa jambo au mahali. Kiswahili kina neno zuri kwa maana hii, nalo ni "mfawidhi". Huko Tanzania husemwa Mganga Mfawidhi kwa daktari asimamiaye hospitali, na Hakimu Mfawidhi kwa asimamiaye mahakama. "To take charge" ni kushika usukani wa jambo, hasa wakati wa fujo au hatari. "Charge nurse" ni mwuguzi asimamiaye wodi, hakuna aliyemshitaki.

Hapa pana mtego mdogo uwaangushao hata waalimu. "The clerk is in charge of the store" maana yake ni kwamba karani ndiye asimamiaye ghala. Lakini "the clerk is in the charge of the police" maana yake ni kwamba karani yumo mikononi mwa polisi, nao ndio wamwangaliao. Neno dogo "the" limemgeuza bwana akawa mtumwa! Vivyo hivyo mtoto aliyekabidhiwa kwa mlezi huitwa "charge" wake, yaani amana yake.

Twamkumbuka mwalimu mmoja aliyepokea barua isemayo kwamba tangu mwezi ule amekuwa "charged with the care of the school garden". Usiku ule hakulala. Asubuhi alikuja kwetu na barua mkononi, akauliza ni nani aliyemchongea, maana bustani ya shule hakuigusa. Tulimweleza kwamba hakushitakiwa, bali ametwikwa kazi ya kuitunza. Alifurahi sana, furaha ikapungua alipokumbuka ukubwa wa bustani yenyewe.

2. MZIGO WA SHITAKA

Maana ya pili ndiyo nzito kupita zote, nayo ni shitaka. "He is charged with theft" maana yake ameshitakiwa wizi. "Charge sheet" ni hati ya mashitaka. "To face a charge" ni kukabiliwa na shitaka. "To drop the charges" ni kuyaondoa mashitaka. "A trumped-up charge" ni shitaka la kubuniwa.

Twataka wasomaji watilie moyoni mambo matatu.

Jambo la kwanza: kushitakiwa si kuhukumiwa. Mzigo umewekwa mlangoni pa mtu, lakini haijathibitika bado kwamba ni wake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kosa kuthibitishwa; na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50, yasema kwamba mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike kinyume. Basi si haki kijijini kumwita mtu mwizi kwa sababu tu jina lake limesomwa katika "charge sheet". Chifu au mwalimu atafsiriye habari ya namna hiyo kwa watu, na aseme "ameshitakiwa". Asiseme "amepatikana na hatia".

Jambo la pili: mtu ana haki ya kulifahamu shitaka lake. Ibara hiyo hiyo ya Katiba ya Kenya yampa mshitakiwa haki ya kuelezwa shitaka kwa urefu wa kumtosha kulijibu, na kupewa mkalimani bila ya malipo ikiwa haelewi lugha itumiwayo mahakamani. Kabla ya hapo, katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuonyesha njia ya kufuatwa mtu anapokiri kosa. Shitaka na maelezo yake yasomwe kwa lugha aijuayo mshitakiwa. Jibu lake liandikwe, kwa kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashitaka ueleze jinsi mambo yalivyotukia, na mshitakiwa apewe nafasi ya kuyakanusha au kuyaongeza. Akiyakanusha, huandikwa kwamba amekana. Yule mzee wetu, kwa swali lake la shilingi ngapi, aliifungua nafasi hiyo pasipo kujua.

Jambo la tatu: kukubali mkalimani si aibu. Fahari ya kusema "Yes, sir" ni ya dakika moja, bali kifungo ni cha miezi.

3. MZIGO WA MALIPO

Maana ya tatu ndiyo ile ya dukani. "What do you charge?" maana yake ni, "Watoza kiasi gani?" "Free of charge" ni bure. "To overcharge" ni kutoza kupita kiasi. "Charge it to my account" ni kusema, "Liandike deni hili katika hesabu yangu." Asemaye hivyo hajalipa, ameahirisha tu, na wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanafunzi wetu huchanganya neno hili na wenzake. "Price" ni bei ya kitu, kama debe la mahindi. "Charge" hasa ni malipo ya kazi au huduma, kama vile kuletewa mzigo nyumbani au kutunziwa fedha benki. "Fare" ni nauli. "Fee" ni ada, kama ya shule au ya wakili. "Rent" ni kodi ya nyumba. "Fine" ni faini, nayo hutolewa baada ya hatia kuthibitika. Sasa waona jinsi mzee wetu alivyopotea: aliisikia "charge" akadhani ni "fee", na mbele yake palikuwa na hatari ya "fine" au zaidi.

Akopaye fedha na aangalie pia neno la wingi, "charges". Katika karatasi za mkopo huandikwa mbali na riba, nalo lina maana ya gharama nyingine zitozwazo juu ya riba hiyo. Mtu auulizaye mkopo riba yake tu, asiulize "charges", amehesabu miguu ya ng'ombe akasahau pembe.

Wenzetu makarani walijue na "surcharge". Kwa mwenye duka au posta ni malipo ya nyongeza. Kwa mtumishi wa serikali ni kutakiwa kuilipa fedha ya umma iliyopotea kwa uzembe wake. Ni neno la kumfanya mtu ahesabu sanduku mara mbili.

4. MZIGO JUU YA ARDHI

Sasa twafika mahali ambapo neno hili laweza kumwondoa mtu shambani kwake. Katika sheria za ardhi za Kenya, "charge" ni rehani, yaani ardhi hutwikwa mzigo wa deni. Mwenye ardhi hukopa, na ardhi yake huandikwa kuwa dhamana ya mkopo. Tanzania, katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hutumika neno "mortgage" kwa jambo hilo.

Tuseme mkulima apewa karatasi ya kutia sahihi, na juu yake pameandikwa "Charge". Kwa kuwa alizoea neno la dukani, adhani ni risiti ya ada ya kuandikisha. Atia sahihi, arudi nyumbani. Miaka miwili baadaye aletewa notisi. Jambo hili si gumu kutokea, hasa kwa mtu anayemdhamini ndugu au rafiki kwa hati ya shamba lake mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mzigo huo ukiisha kuandikwa juu ya ardhi yako, si usufi tena, wala si wa mwenzio peke yake.

Basi na yajulikane haya. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, "charge" ni dhamana tu. Haihamishi umiliki wa ardhi kumpa mkopeshaji siku ya kutia sahihi. Ikiwa ni nyumba waishimo mume na mke, rehani haiwi halali bila ya sahihi au kibali cha mwenzi akaaye humo. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji hawezi kuja kesho akauza. Deni likikaa mwezi mmoja bila ya kulipwa, aweza kutoa notisi ya kumpa mkopaji muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa kinachodaiwa. Na kabla ya kuiuza ardhi yampasa kutoa notisi nyingine ya siku zisizopungua arobaini. Siku hizi zimewekwa ili mtu apate kutafuta fedha, au kwenda kuzungumza na mkopeshaji, au kwenda mahakamani. Lakini azitumiaye ni yule tu aliyeifahamu barua. Aliyeiweka barua chini ya mto kwa kuogopa Kiingereza chake, siku zake hupita vile vile.

Na anunuaye shamba asiridhike kuonyeshwa hati na muuzaji. Aende ofisi ya ardhi, aombe kupekuliwa daftari, aangalie mahali paandikwapo "encumbrances", ambalo nalo maana yake ni mizigo. Akikuta humo neno "charge", ajue kwamba shamba hilo lina deni mgongoni.

5. BARUTI, UMEME, NA MASHAMBULIO

Maana zilizobaki tutazipitia kwa haraka. Kiasi cha baruti kitiwacho katika bunduki au mwambani huitwa "charge", maana ndiyo shehena yake. Katika karamu mtu akisema "charge your glasses", maana yake ni mjaze bilauri zenu. Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin wa Marekani, alipokuwa akichunguza umeme, alilitumia neno hilo kwa chombo kilichojazwa umeme. Na kwa mlango huo limekwisha kuingia katika Kiswahili, kwani leo hata bibi kijijini husema ampeleka mjukuu kuchaji simu. Hapo nako kupakia ni kule kule, ila mzigo hauonekani kwa macho.

Katika vita, "charge" ni kushambulia kwa kasi, nguvu zote zikimwelemea adui kwa mara moja. Shambulio lijulikanalo sana ni lile la askari wa farasi wa Kiingereza huko Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea dhidi ya Urusi. Mshairi Tennyson aliliimbia shairi mwaka ule ule. Twalitaja kwa sababu lilikuwa kosa la maneno. Jemadari Lord Raglan, akiwa juu kilimani, aliwaona Warusi wakitaka kuondoa mizinga waliyoiteka, akatuma amri ya maandishi kwamba askari wa farasi wasonge mbele upesi, wazuie mizinga isichukuliwe. Lakini Lord Lucan, aliyeipokea amri, alikuwa chini bondeni, naye hakuweza kuiona mizinga ile. Alipouliza ni mizinga gani, mjumbe, Kapteni Nolan, alinyosha mkono kwa hasira, na ikafahamika kwamba ni ile iliyokuwa mwisho wa bonde, yenye jeshi la Warusi pande zote. Askari wapatao 670 wakaenda mbio kuielekea. Zaidi ya 100 walikufa, Nolan akiwa wa kwanza wao, na farasi wengi zaidi. Aliyeandika alijua alichokitaka. Aliyesoma alijua kusoma. Ila hapana aliyehakikisha kwamba neno moja lina maana moja kwa wote wawili.

6. KUUTUA MZIGO

Kama "charge" ni kutwika, "discharge" ni kutua. Meli hushusha shehena; mgonjwa huruhusiwa kutoka hospitali; askari huachishwa jeshi; deni huishwa; kidonda hutoa usaha. Yote hayo ni "discharge".

Lakini mawili yahitaji uangalifu. Aliyemaliza kulipa mkopo wa rehani na ahakikishe kwamba "discharge of charge" imeandikwa katika daftari la ardhi. Risiti ya mwisho peke yake haiufuti mzigo daftarini, na watoto wake waweza kuja kuukuta. La pili ni la mahakamani: "discharged" si sawa na "acquitted". La mwisho ni kuachiliwa baada ya kuonekana hana hatia. La kwanza mara nyingine ni kuachiliwa kwa sasa tu. Katika Kenya, shitaka likiondolewa kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa mashitaka kabla ya mshitakiwa kuanza kujitetea, aweza kushitakiwa tena kwa mambo yale yale. Basi aliyeambiwa "discharged" asichinje mbuzi kabla ya kuuliza ni ya namna gani.

ZOEZI

Waalimu waweza kuwapa wanafunzi sentensi hizi, waseme kila moja ni mzigo gani.

1. The chief took charge when the river flooded.
2. The driver denied the charge.
3. Water is supplied free of charge.
4. There is a charge on this land.
5. The orphans were left in the charge of their aunt.
6. He was charged ten shillings.
7. He was charged with taking ten shillings.

Majibu: (1) Chifu alishika usimamizi mto ulipofurika. (2) Dereva alilikana shitaka. (3) Maji hutolewa bure. (4) Ardhi hii imewekwa rehani. (5) Yatima waliachwa katika ulinzi wa shangazi yao. (6) Alitozwa shilingi kumi. (7) Alishitakiwa kwa kuchukua shilingi kumi.

Zitazameni mbili za mwisho. Fedha ni ile ile na mtu ni yule yule. Neno dogo "with" ndilo litenganishalo mlango wa duka na mlango wa mahakama.

Ndugu wasomaji, kuuliza si ujinga. Ajaye kwenu na karatasi yenye neno hili, msimsomee kwa haraka ili aone kwamba mwajua. Kaeni naye, msome mstari wote, mwulizane: ni mzigo gani huu, na nani autwikwaye? Mkiona shaka, mpelekeni kwa ajuaye zaidi kabla hajatia sahihi, wala hajasema "Yes, sir."